Hodi ya Pili

Haya niliyasema mbele ya wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii hapa Kigoma, siku walipomaliza mafunzo yao. Baadhi yao waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza salamu na kikohozi.

Ndugu mgeni rasmi, waganga, watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, wazazi mliokuja kuwasindikiza vijana wenu, itifaki imezingatiwa. Na nyie wanangu mliovaa fulana mpya ambazo bado zina mikunjo ya boksi, shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba.

Niliambiwa nizungumzie uongozi binafsi kwa mhudumu wa afya. Nilipoiona mada hiyo kwenye karatasi nilicheka kidogo, maana katika miaka yangu yote ya kutembea vijijini hakuna aliyewahi kuniita kiongozi. Niliitwa dada wa afya. Niliitwa mama wa chandarua. Kuna kitongoji kimoja waliniita Mama Choo, na watoto walilitungia wimbo jina hilo, wakawa wanauimba nikipita. Kiongozi alikuwa mwenyekiti. Mwenyekiti ana muhuri. Mtendaji ana mgambo. Mganga ana sindano, na hata mwenye duka ana daftari la madeni ambalo watu wanaliogopa kuliko sindano. Wewe mhudumu una nini? Una miguu yako miwili na hodi yako.

Na hodi yenyewe, ile ya kwanza, msiitegemee sana. Hodi ya kwanza hata muuza vyombo hufunguliwa. Sisi watu wa huku mgeni hatumwachi mlangoni, atakaribishwa, atapewa kiti, atasikilizwa mpaka amalize. Ukitoka hapo unaweza kwenda kuandika kwamba kaya imepokea elimu kwa furaha. Subiri wiki moja, rudi, piga hodi ya pili. Hapo ndipo utajua kama wewe ni kiongozi au ni mgeni aliyevumiliwa.

Nitakachosema leo chote kiko kwenye hiyo hodi ya pili. Mengine mtasomeshwa na wenye shahada.

Serikali imewapa jina: Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, kwa kifupi WAJA. Mpango wenu ulizinduliwa tarehe 31 Januari 2024, na lengo lake ni wahudumu 137,294. Namba hiyo haikuokotwa njiani. Chukueni vitongoji vyote na mitaa yote ya Tanzania Bara, zidisheni kwa mbili, mtaipata. Wawili kila kitongoji, kila mtaa. Aliyepiga hesabu hiyo aliwaza umbali ambao mtu anaweza kuutembea na kurudi kabla ugali haujapoa, na kwa hilo nampa heshima yake. Ila sikio la Mswahili likisikia WAJA linasikia na jambo jingine. Linasikia waja leo, waondoka leo. Na vijiji vyetu vimewaona hao wa kutosha. Ulikuja mradi na magari, ukaondoka. Ukaja mwingine na bango kubwa la bati, nao ukaondoka. Bango lipo hadi leo, limeezekwa kwenye banda la mbuzi, na mbuzi wanashukuru. Kwa hiyo mkifika na fulana hizi, mjue mlango unaofunguliwa unafunguliwa na mtu anayejiuliza: na hawa wanaondoka lini?

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka kwenye kozi ya wahudumu wa afya wa kijiji, kichwa kimejaa. Nilipangiwa kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini ya mji. Nyumba ya kwanza kuingia ilikuwa ya mvuvi mmoja, mzee wa heshima, ana mitumbwi miwili na karabai sita. Nilimkuta barazani na wageni watatu, wanakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha. Nikasalimia, nikakaribishwa, nikapewa kile kiti chenye mgongo. Nikatoa daftari.

“Mzee, choo kiko wapi?”

Kimya.

“Nyumba kubwa namna hii, mitumbwi miwili, na choo hamna?”

Nikaeleza minyoo. Nikaeleza kuhara. Nikaeleza jinsi nzi anavyotoka kule vichakani na kuja kutua hapa, kwenye muhogo. Mgeni mmoja akaurudisha wake kwenye sahani. Mimi nikaona somo limeingia. Nikaandika kwenye daftari: hana choo, ameelimishwa.

Wiki iliyofuata nikarudi. Nikiwa bado njiani nilisikia redio ikiimba ndani. Nikapiga hodi. Redio ikazimwa. Nikapiga tena. Kuku akapita. Mtoto akachungulia kwenye upenyo wa dirisha, mkono ukamvuta nyuma. Nikabaki pale juani, na kwa kuwa njiani watu walikuwa wananitazama, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Nilikwenda kulia kwa mkunga mmoja wa jadi, bibi aliyekuwa amewapokea karibu watu wote wa kijiji kile. Kwenye kozi tulikuwa tumeambiwa wakunga wa jadi ni tatizo. Bibi akanisikiliza, akatema ugoro, akasema: “Umemvua nguo mwanamume mbele ya wageni wake. Unataka akufungulie umvue mara ya pili?”

Hapo sikujibu. Kesho yake sikwenda kwa mzee, nilikwenda mchangani alikokuwa mke wake. Wanawake walikuwa wanachambua dagaa, wanatoa mchanga na vijiwe. Nikakaa chini. Sikuwa na daftari. Nilichambua dagaa mpaka jua likawa utosini, na sikusema neno la afya hata moja. Nilipotaka kuondoka ndipo mama yule aliponiambia, bila kuinua macho: “Choo tumechimba mara mbili. Hapa ni mchanga mtupu. Mvua zikija kinajifunika chenyewe. Cha pili kiliondoka na mbuzi wetu.”

Wanangu, mimi nilikuwa nimekwenda kuwafundisha umuhimu wa choo watu waliochimba vyoo viwili. Tatizo lao halikuwa elimu, lilikuwa mchanga. Na mimi juu ya mchanga sikujua lolote. Kwenye kozi yetu mashimo yote yalikuwa yanachimbwa kwenye ubao, na ubao haubomoki.

Aliyejua alikuwepo. Kulikuwa na mzee mwingine, mwisho wa kijiji, aliyewahi kuchimba visima, anajua kulijengea shimo kwa mawe kuanzia chini. Hakuna aliyemuuliza kwa sababu hakuna aliyeona kisima na choo ni ndugu. Kazi yangu ikawa kutembea kati ya nyumba mbili mpaka wale wazee wakakaa pamoja. Shimo lilisogezwa juu, mbali na maji, likajengewa mawe, likasimama. Mimi sikubeba hata jiwe moja, na jina la Mama Choo nikalipata hapo hapo.

Kuna jambo dogo nililitoa kwenye aibu ile na ndilo ninalowauzia bei rahisi leo. Mkiingia kwenye nyumba mkaona kitu hakipo, msiulize “kwa nini hamna?” Hilo ni swali la polisi, mtu analijibu kwa kujitetea au kwa kudanganya. Ulizeni “mlishajaribu nini?” Hilo ni swali la jirani. Chandarua kipo lakini kimefungwa kwenye kuku? Mlishajaribu kukitundika wapi? Utaambiwa nyumba ni chumba kimoja, kitanda kimoja, watoto watano wanalala kwenye mkeka unaohamishwa kila usiku kukimbia mahali panapovuja. Sasa mna kitu cha kuzungumza.

Na ukishauliza, nyamaza. Hili ni gumu kuliko kuuliza. Nilipokuwa na miaka kumi, mwaka 1973, ilipita kampeni ya Mtu ni Afya. Wazazi wenu hapa wanaikumbuka. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza redio kwa wiki kadhaa, wanazungumza, halafu wanakwenda kuchimba, kufyeka na kuchemsha maji. Kikundi cha mama yangu kilikutana chini ya mwembe, na kiongozi wake alikuwa fundi baiskeli aliyesoma kijitabu kwa kufuatisha kidole chenye grisi. Hakuwa msemaji. Redio ikishamaliza alikuwa anafunga kijitabu na kuuliza: “Sasa, hapa kwetu?” Halafu anachukua spoku yake na kuanza kuinyoosha, kama vile hana haraka ya jibu. Kimya kinakuwa kirefu hadi mtu mmoja anashindwa kukivumilia. Anasema. Mwingine anambishia. Jioni ile baba yangu alirudi na jembe begani. Nimehudhuria semina nyingi za uongozi tangu hapo, zenye posho na chai ya maziwa, na sijamwona mwezeshaji aliyemzidi yule fundi.

Kwa njia, neno kuhamasisha mlitumie kwa kiasi. Limechoka. Ukimwambia mama wa Uvinza kwamba umekuja kumhamasisha, anatafuta pa kukaa kwa sababu anajua itakuwa ndefu.

Nije kwenye siri, na hapa sitakuwa na mzaha.

Mtajua mambo ya watu. Mtajua nani anameza dawa, nani mimba yake haijui mumewe, nani alipoteza mtoto na hakusema. Wengi mnadhani siri huvuja kwa mdomo. Huvuja kwa mdomo, ndiyo, lakini huvuja zaidi kwa miguu na kwa daftari. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa miezi sita. Ukiwa unakwenda kwake kila Ijumaa, unazipita nyumba zote za jirani bila kusimama, unaingia kwake tu, umeshamtangaza bila kufungua mdomo. Basi pigeni hodi na kwa jirani, muulizeni habari ya mtoto, na nyumba ya tatu pia. Mnaongeza nusu saa ya kazi, na mnamwachia mtu heshima yake. Daftari nalo lisilale juu ya meza ya duka wakati unanunua vocha. Langu nililifunga kwenye kanga na kanga nikaifunga kiunoni, watu wakadhani nina mtindo. Na msimuulize binti juu ya mimba mbele ya mama mkwe. Ombeni maji ya kunywa. Atakayekwenda kuyachota jikoni mfuateni mkayanywe huko huko.

Siri ikivuja mara moja, nyumba moja, hodi ya pili inafungwa kitongoji kizima, na hakuna semina ya kuifungua.

Kuna na hili la kujua kila kitu. Fulana hii ina ulevi wake: ukiivaa unaona aibu kusema sijui. Mama anakuuliza, hizi dawa za shinikizo nilizopewa nichanganye na za mzizi anazonipa shemeji? Wewe hujui. Unakohoa, unasema haina shida. Usiseme. Sema: “Mama, hilo silijui. Nitamuuliza mganga, na Alhamisi nitakuja na jibu.” Halafu Alhamisi uende. Ukiwa na jibu, uende. Ukiwa umekosa jibu kwa sababu mganga yuko kwenye kikao wilayani, uende vilevile, ukamwambie umekosa. Mtu anayekuja Alhamisi aliyoisema, mikono mitupu, kwa mguu, kusema bado sijapata, huyo atasikilizwa siku atakaposema twende hospitali sasa hivi. Hamtamshawishi mtu siku ya dharura. Siku ya dharura mnavuna Alhamisi zenu.

Sasa mikutano. Wakati fulani nililetewa ratiba ya mikutano ya elimu ya afya, imechapwa vizuri: kila Jumanne saa nne asubuhi. Aliyeipanga hakuwahi kula dagaa wabichi. Saa nne asubuhi kijiji cha mwambao hakina mtu wa kukaa kikao. Wanaume wamerudi alfajiri na wamelala. Wanawake wako mchangani wanageuza dagaa, na wingu likipita ni mbio, kwa sababu dagaa wakilowa fedha imeoza. Jumanne zangu tatu za kwanza nilihutubia watoto na mzee mmoja kiziwi aliyependa kiti.

Nikaacha kuangalia kalenda ya ukutani, nikaanza kuangalia mwezi. Mnajua uvuvi wa taa: wakati wa giza watu wako ziwani, ukija mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika. Siku zile wanaume wanakaa ufukweni wanashona nyavu, mikono ina kazi lakini masikio hayana. Sikuwaita. Niliwafuata nikakaa kwenye gogo. Wakati ule hakuna gari, zahanati iko ng'ambo ya ghuba, na mama akizidiwa usiku ni mtumbwi tu. Nikauliza: “Mke wa mtu akipata uchungu saa nane usiku na upepo unavuma, nani anatoka?”

Wakaendelea kushona. Kijana mmoja akasema: “Inategemea mke wa nani.” Wakacheka sana, na mimi nikacheka, lakini nilisikia kwamba jibu lenyewe lilikuwa ndani ya kicheko. Katika kijiji kile kulikuwa na koo mbili zisizosalimiana tangu ugomvi wa nyavu. Mfukoni nilikuwa na mpango wangu ulioandikwa: zamu, majina, kamati, mwenyekiti wa kamati. Nilitamani kuutoa. Nikakumbuka spoku ya fundi baiskeli, nikaokota sindano ya nyavu na kujifanya naitazama.

Yule mzee wangu wa mitumbwi miwili alikuwa amekaa pembeni. Tulikuwa tunasalimiana sasa, basi tu. Akasema bila kunitazama: “Mtumbwi wangu. Injini yangu. Petroli tuchange.” Mtu wa ukoo wa pili akasema petroli si tatizo, tatizo ni itakaa kwa nani, maana ikikaa kwa fulani itavua dagaa. Wakabishana mpaka magharibi. Ikaamuliwa dumu la lita kumi likae kwa mkunga wa jadi, kwa kuwa alimpokea kila mmoja wao na hakuna atakayethubutu kumwibia, na bibi huyo huyo ndiye atakayemsindikiza mama hadi zahanati. Mpango wangu wa mfukoni haukuwa na dumu na haukuwa na bibi. Niliuwashia moto wa chai usiku ule.

Leo mna namba 115 ya m-mama, mnapiga bure, mama anatafutiwa usafiri. Ni jambo kubwa. Mimi ningeipata mwaka ule ningelia. Lakini namba haipigi yenyewe. Kuna vijiji vyetu ambavyo mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya shule. Basi jiwe hilo ni sehemu ya mpango. Nani analala karibu na jiwe? Simu yake ina chaji saa nane usiku? Mjamzito na mumewe wanazijua dalili za hatari bila kusubiri mkunga: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, mtoto kuacha kucheza tumboni? Mkae na watu wayajibu wao. Mkiwajibia mtakuwa mmeandika mpango mzuri wa kuwashia chai.

Na takwimu mnazojaza, zinapanda kutoka kwenu kwenda zahanati, wilaya, mkoa, wizara. Ni sawa zipande. Zishusheni pia. Waliohesabiwa wana haki ya kusikia hesabu yao. Lakini kitongoji hakizungumzi kwa asilimia, na idadi ikiwa ndogo kiasi kwamba watu wataanza kukisia ni nani, iacheni.

Nilikosea tena, na hili lilikuwa kubwa kuliko choo. Kuna zahanati moja, siitaji, niliyokuwa napeleka akina mama wenye watoto wa homa. Mara tatu mfululizo walikuta vipimo vya malaria vimekwisha. Mama mmoja alirudi akanisimamisha kisimani: “Umenitembeza kilomita tisa kwenda kusalimia ukuta.” Aibu ikanipanda, na badala ya kuibeba nikaisukuma. Nikasema pale pale kisimani kwamba wale wanaiba vipimo. Jioni habari imefika kwa muuguzi. Kumbe vilikuwa vimeagizwa na havijaletwa. Na yeye peke yake ndiye alikuwa analala pale, analipa maji ya zahanati kwa fedha yake.

Nilimfuata kuomba radhi. Akaniambia, kisima ulichonisemea kiko wapi? Nikaelewa. Asubuhi iliyofuata nilirudi kisimani, wakati wa foleni, nikasema mbele za watu kwamba nilisema uongo. Sauti ilitetemeka. Nikawaambia pia kwamba kuanzia siku hiyo nitauliza kwanza kabla ya kumtuma mtu. Na kwenye kamati ya kituo nikaanza kwenda na tarehe zilizoandikwa: siku hii vimekosekana, siku hii, siku hii, watoto wangapi wamerudi. Makelele ya kisimani hayakuleta boksi hata moja. Karatasi ya tarehe ilileta, si mara moja, lakini ilileta. Kumtetea mwananchi kwa wakubwa ni kazi yenu, na inahitaji ushahidi na adabu kwa pamoja. Ukiwa na kimoja tu utafukuzwa au utapuuzwa.

Mwaka 2015 wengi wenu mlikuwa watoto, lakini mnakumbuka Kagunga. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi kwenye kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba ikawa inawavusha kuwaleta mjini. Uwanja wa Lake Tanganyika ulijaa watu. Nilikuwepo, na fulana pia. Tulikuwa tunapaza sauti kwa Kiswahili safi cha semina juu ya kunawa mikono, na watu wanatutazama kwa uchovu. Kulikuwa na mama mmoja, mkimbizi mwenyewe, kanga imechanika, hana fulana ya mtu yeyote. Alianza kupita kwenye foleni akiinama kwa kila mwenye mtoto anayeharisha, anasema naye kwa Kirundi, anawasogeza mbele, anaonyesha namna ya kumpa mtoto maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akitapika unasubiri kidogo na kuanza tena. Hakuinua sauti hata mara moja. Mimi Muha, Kirundi nakisikia kama kwetu, na nilikuwa nimekiacha Kiha changu nyumbani kwa sababu nilidhani kazini tunazungumza Kiswahili. Nikakirudia. Foleni ikaanza kunijibu.

Juu ya nafsi zenu nitasema kidogo, maana hapa ndipo watu wa semina hupenda kukaa siku mbili. Mtachoka. Atakufa mtoto uliyemfuata tangu akiwa tumboni, na kesho yake utatakiwa uende nyumba ya pili ukatabasamu. Tafuteni mtu mmoja, mhudumu mwenzako wa kitongoji ndiye bora, wa kumwambia leo nimeshindwa bila kutaja jina la nyumba. Na awe na ruhusa ya kukwambia umekosea. Wangu alikuwa yule bibi mkunga, na alikuwa hanibembelezi.

Mniruhusu nimalizie na mzee wa mitumbwi miwili, kwa sababu mwenyekiti ananionyesha saa.

Miaka kama mitano baada ya ile siku ya redio, usiku, mvua ya upepo, nikasikia mlango wangu mimi unagongwa. “Hodi.” Nikaitambua sauti. Nilidhani ni mkwe wake, maana alikuwa karibu kujifungua. Nikafungua. Amesimama na karabai, amelowa hadi mifupa. Si mkwe wake. Ni mke wa mtu wa ukoo ule mwingine, yule hasa waliyegombana naye nyavu, anatoka damu. Dumu lilikuwa tayari mtumbwini, na bibi ameketi mbele amejifunika turubai, anatusonya kwa kuchelewa. Mume wa mama yule alikuwa majini hadi kiunoni, ameushika mtumbwi usipigwe na mawimbi, na mzee alipopita akampa karabai aishike. Hawakusalimiana. Injini ikawaka mara ya tatu. Mama alifika, na mtoto pia.

Sasa naomba maji. Na yule kijana wa nyuma, mwenye shati la bluu, ameinua mkono tangu nikiwa kwenye dagaa. Uliza mwanangu, mkono utakufa ganzi.